Fungu la Nne

Gumbo, Juba. Alhamisi, 12 Juni 2025

Leo ni miaka arobaini na minne na miezi saba tangu nilipotoka Garissa. Nimehesabu mara mbili, kwa vidole na kwa kalamu, na hesabu zimekubaliana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nikisomea ualimu, na mtaa wetu ulikuwa umechomwa na askari siku tatu kabla. Nilitoka mgongoni mwa lori, chini ya turubai, katikati ya ngozi kavu za mbuzi. Sikuuona mji ukiishia. Nilisikia tu sauti ya tairi ikibadilika tulipopanda daraja la Tana, nikajua tumevuka.

Niliapa siku ile kwamba nikirudi, nitarudi nimeshika usukani. Kilikuwa kiapo cha kijana, lakini nimekaa nacho katika barabara zote nilizoendesha: Mombasa hadi Kampala, Kampala hadi Goma, na mwisho hapa, ambako sasa ni karani wa yadi ya malori. Naandika gari lililoingia, lililotoka, lilichobeba. Jioni nasoma chochote chenye maandishi.

Nimefungua daftari hili kwa sababu nataka kurudi kabla mvua hazijaisha. Lori langu, Fiat la mwaka 1978, limekaa juu ya mawe kwa miaka sita kando ya mwarobaini wa yadi. Madereva wa Uganda wanaliita Jajja, yaani nyanya. Dada yangu Ruun amenitengea chumba. Mwanawe Kadar huendesha trela kati ya Mombasa na Juba, naye ameahidi kunitangulia njiani. Kilichobaki ni breki, taa, pampu ya dizeli, na mimi mwenyewe.

14 Juni

Mvua. Nimeketi ndani ya Jajja mchana kutwa nikisikiliza bati.

23 Juni

Amri imebandikwa kwenye lango. Niliisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, madereva wakinywa chai kwa Resty. Resty ni Mganda, ana jiko lake ndani ya yadi yetu, na hakuna dereva asiyemwogopa.

Amri ni hivi. Kuanzia Oktoba mosi, lori lililozidi miaka ishirini na mitano halitavuka mpaka. Malori makuukuu yaliyomo nchini yatapewa kibali cha safari moja ya kutoka, yakifaulu ukaguzi. Kila gari liwe na pembetatu mbili za kung'aa za kuwekwa barabarani likiharibika. Matawi ya miti ni marufuku.

"Hii ameandika mtu hajawahi kubadilisha tairi," alisema Edrine. Ni dereva wa Kampala, ana miaka thelathini na mmoja, na lori analoendesha ni la tajiri wake. "Mimi nanunua pembetatu nne mwaka hii. Zote zinaibiwa nikiwa chini ya gari. Unaona miguu ya mtu inakuja. Unaona mkono. Pembetatu imekwenda."

"Wewe hapana kuwa chini ya gari unatengeneza," Resty akasema. "Wewe iko chini ya gari unalala."

Walicheka hadi mmoja akamwaga chai.

Kadar alikuwepo. Malalamiko yake ni ya dereva wa masafa marefu. "Mimi shida yangu ni gavana. Wananifungia gari lisipite themanini, halafu mbele wananiuliza mbona nimechelewa. Na kile kifuli cha setilaiti mlangoni mwa kontena! Kinajua niko wapi kila dakika. Hakijui kama nimekula."

"Na usukani je?" mtu akauliza. Hilo ndilo la kweli zaidi. Malori yetu ya Kenya na Uganda yana usukani kulia, na hapa Sudan Kusini watu huendesha upande wa kulia. Dereva anakaa ukingoni mwa barabara. Akitaka kumpita mwenzake, analazimika kuitoa pua yote ya gari kabla jicho lake halijaona kinachokuja.

Mimi niliyatetea matawi. Nimeyatumia miaka arobaini. Lori likikwama, weka mafungu nyuma yake, la kwanza karibu, la mwisho mbali, na kila dereva duniani anasoma: kuna mwenzio mbele yako, hama.

"Abti," akasema Kadar. Hilo ni jina la mjomba kwetu Wasomali, na mjomba naye humwita mpwawe vilevile. "Abti, pembetatu huwezi kuisahau, umeinunua. Tawi nani analikumbuka?"

"Dereva analikumbuka, abti. Weka, tengeneza, okota, ondoka. Nimewafundisha wote hapa. Dereva asiyeokota matawi yake ni mwuaji ambaye bado hajapewa jina la marehemu."

Waliitikia kwa vichwa. Nakiri nilifurahia.

3 Julai

Ruun amepiga simu. Ana miaka sitini na mmoja, na sauti yake bado ni ya msichana anayeficha kitu mgongoni.

"Aboowe," akasema, yaani kaka, "chumba nimekipaka chokaa."

"Rangi gani?"

"Chokaa ni nyeupe, aboowe. Umekaa huko mpaka umesahau chokaa?"

Nilimuuliza kama kitanda kitakuwa upande wa mto, nisikie maji. Akasema mto haujawahi kusikika kutoka kwetu, uko mbali. Nikamwambia nilikuwa nikiusikia kila asubuhi kabla ya shule. Akasema labda nilikuwa nikisikia pampu ya bustani ya jirani.

Nimewaza jambo hili siku nzima. Miaka arobaini na minne nimelala nikisikiliza pampu.

4 Julai

Ijumaa. Matope hadi mlango wa msikiti. Nimesoma gazeti la mwezi uliopita lililofungiwa sukari.

11 Julai

Mvua.

17 Julai

Nimeanza tabia mpya. Baada ya adhuhuri, watu wakiwa wamejinyoosha vivulini, napanda ndani ya Jajja, nashika usukani na kuondoka bila kuwasha injini. Leo nilifika Nimule, nikavuka, nikapita Gulu. Najua kila kona. Nabadilisha gia mahali panapotaka gia. Resty ameniona midomo ikitembea.

"Mzee, umefika wapi leo?"

"Karuma, darajani."

"Chunga nyani. Wanaiba ndizi."

Hakucheka. Ndiyo maana nampenda.

26 Julai

Edrine ameingia na saruji. Alishuka, akaja moja kwa moja kwangu na kifurushi cha gazeti: mipira mipya ya breki ya hewa ya Fiat. Ameitafuta Kampala wiki mbili, kwa mafundi wazee, mpaka akaipata kwa mjane mmoja ambaye mumewe alikuwa na lori kama langu. Nilitaka kumlipa, akakataa kama aliyetukanwa.

"Mzee, wewe ndiye ulinifundisha barabara hii. Ukifika kwenu, andika jina yangu kwa mlango. Tena andika kubwa, watu wa Garissa wajue."

Amenionyesha picha ya bintiye Mirembe, miezi mitano, amevalishwa kofia ya sufu kwenye joto. Zamani alikuwa ananiudhi kwa kelele zake za simu. Leo naona kelele zile ni za mtu anayetaka kusikiwa na mtoto aliye mbali.

1 Agosti

Breki zimefungwa. Jajja ameshushwa kwenye mawe. Injini iliwaka mara ya tatu, na moshi ukafunika jiko la Resty. Nimetukanwa Kiganda, nusu saa nzima.

5 Agosti

Nimenunua pembetatu mbili. Nimeziweka nyuma ya kiti ndani ya mfuko wake wa plastiki, zisichafuke kabla ya ukaguzi.

7 Agosti

Nitaandika kwa urefu, maana siku kama hii sikutegemea kuipata tena.

Asubuhi nilikata matawi ya mwarobaini wa yadi na kuyaweka mgongoni mwa lori. Ni tabia yangu ya tangu miaka ya mabomu ya kutegwa: sikanyagi nje ya lami, hata nikihakikishiwa kwamba pamesafishwa, kwa hiyo sikati matawi porini. Nabeba yangu. Resty aliniona nikikata, akasema amri imeyakataza. Nikamwambia amri haijafika huko ninakokwenda.

Saa nane mchana niliondoka kulijaribu lori, peke yangu, kwa barabara ya Nimule hadi kupita Nesitu kidogo, kisha nirudi. Jajja alikuwa mtupu, mwepesi, akinesa. Milima ilikuwa ya buluu na imekaribia, kama inavyofanya kabla ya mvua. Wanawake waliouza mkaa kando ya njia walinipungia mkono, na mimi nikapiga honi ndefu, ile ya hewa, inayolia kama ngamia. Sikuwa na umri wowote. Nilipokuwa napanda kilima nilisikia injini ikinung'unika ile noti yake ya zamani, na kwa muda, sijui dakika tatu au kumi, barabara haikuwa ya Nimule. Ilikuwa inateremka kuelekea Tana, na mbele nilikuwa naliona daraja.

Nikiwa narudi, mara baada ya kona moja kali, injini ilikata. Hewa imeingia kwenye dizeli. Nilijua dawa yake kabla lori halijasimama. Nilishuka, nikaweka mafungu manne: matatu nyuma ya lori, kila moja hatua ishirini kutoka mwenzake, na la nne nyuma ya kona kabisa, mahali ambapo dereva angeliona kabla hajaingia kwenye kona. Watu wengi huweka matatu. Mimi nilitaka iwe salama zaidi. Nikafungua nati ya bomba, nikapampu kwa mkono, mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha. Injini ikawaka.

Mvua ikaanza papo hapo, matone mazito ya kuuma. Nikakimbia, nikaokota mafungu matatu, nikayatupa mgongoni, nikaondoka. Saa kumi na moja na robo nilikuwa darajani pa mtaro wa Gumbo. Sikuwa nimelowa sana. Nikaimba.

8 Agosti

Nimelala usingizi wa mtoto. Ijumaa.

9 Agosti

Habari mbaya. Edrine amepata ajali juzi Alhamisi, jioni, ndani ya mvua, akija Juba. Amemgonga mtu wa bodaboda aitwaye Ayom. Ayom amevunjika paja na yuko hospitali. Lori limelala mtaroni, saruji yote imenyeshewa na kuganda. Edrine mwenyewe ana jeraha la paji la uso, na amewekwa ndani.

Habari hizi ametuletea Barnabas, askari wa trafiki anayekula kwa Resty. Ni kijana wa kabila la Wabari wa hapa Juba, aliyekulia kambi ya wakimbizi Kenya, na Kiswahili chake ni cha Nairobi.

"Anasema aliona matawi kwa njia," Barnabas alisema, akimenya yai. "Akahama upande ule mwingine, hakuona boda. Sasa mimi nilifika pale nusu saa baadaye. Lori iliyokwama hakuna. Matawi hakuna. Maji tu, imesomba kila kitu. Nimwamini aje?"

"Alikuwa amelewa?"

"Apana. Wanasema alisinzia. Tajiri yake pia anasema hivyo. Ni rahisi kwake."

"Ni wapi?"

"Huko, kabla ya kufika Nesitu. Ama baada. Hiyo barabara yote ni kona."

Nilisema Edrine si mtu wa kusinzia. Nilisema pia kwamba siku hizi kuna madereva wasioshika adabu ya barabara, wanaoacha matawi yao. Nilisema kwa hasira. Wote waliitikia.

12 Agosti

Nimempelekea Edrine chakula cha Resty. Amekonda kwa siku tano. Jeraha la paji la uso limeshonwa vibaya.

"Mzee, mimi nimeyaona. Kwa macho. Wewe unaniamini?"

"Nakuamini."

"Yalikuwa matawi ya mwarobaini. Nawaambia hivyo, wanacheka. Wanasema porini kule mwarobaini hakuna, kwa hiyo hata uwongo sijui kudanganya." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kama Ayom anakufa, mimi hapana kuona Mirembe akitembea."

Nilimwambia labda aliona vibaya, mvua ilikuwa kubwa. Nilitoka nje nikasimama chini ya mabati kwa muda. Nilikuwa na hakika. Nilikumbuka waziwazi nikikimbia, nikiinama, nikiokota. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Madereva huweka mafungu matatu.

15 Agosti

Mvua. Resty amenipa chai bila neno. Alipogeuka aliutazama mwarobaini, pale nilipokata. Mikato imeanza kutoa machipukizi mekundu.

19 Agosti

Jajja amefaulu ukaguzi. Breki, taa, tairi, honi. Mkaguzi alizitoa pembetatu kwenye plastiki, akazigeuza, akasema, "Mpya kabisa!" kwa kusifu. Nimepewa kibali cha safari moja: nivuke Nimule kabla ya tarehe thelathini Septemba. Kina muhuri wa zambarau. Nimekikunja ndani ya daftari hili.

Nilimpigia Ruun. Amelia. Amesema ataanza kuchinja siku atakayosikia honi.

20 Agosti

Sikupanda kwenye Jajja mchana. Sijui kwa nini.

21 Agosti

Mvua.

22 Agosti

Mvua.

24 Agosti

Leo, saa nne asubuhi, nilifungua daftari kutafuta tarehe niliyolijaribu lori, kwa kuwa kuna fomu ya mpakani inayoiuliza. Nilisoma ukurasa wa tarehe saba kama anavyosoma mtu barua ya mtu mwingine.

Nikaweka mafungu manne.

Nikaokota mafungu matatu.

Mwandiko ni wangu. Wino haukusita. Niliandika jioni ileile, nikiwa na furaha, na sikuona. Alhamisi. Mvua ikianza. Kona. Mwarobaini. Edrine alipita pale kama saa moja baada yangu. Aliliona fungu langu, akalisoma kama nilivyomfundisha kulisoma, akahama. Kwa usukani wa kulia, hakuweza kumwona Ayom.

La nne lilikuwa nyuma ya kona. Lilikuwa la ziada. Nililiweka kwa sababu mimi ni mwangalifu kuliko wengine.

25 Agosti

Hakuna anayejua. Ukurasa ni mmoja. Karatasi ya daftari hili ni nyepesi, inachanika bila sauti.

26 Agosti

Nimeota mchana. Naliendesha Jajja juu ya daraja la Tana na katikati yake kuna fungu la matawi. Nahama. Naamka.

27 Agosti

Ayom amefanyiwa upasuaji. Ataishi. Mguu hawajui. Wanahitaji chuma cha kuushikilia mfupa.

Najihoji kama jaji na kama mshtakiwa. Mshtakiwa anasema: Edrine ni kijana, atatoka hata kama ni baada ya mwaka, mimi nina msimu mmoja. Anasema: nimengoja tangu kabla hajazaliwa. Anasema: ile mipira ya breki aliyonitafutia ndiyo ingenifikisha, je, haitakuwa ni kuidharau zawadi yake? Sikujua nina wakili hodari namna hii ndani yangu.

30 Agosti

Mvua. Mirembe ana miezi sita sasa. Nimehesabu.

2 Septemba

Nimemwambia Resty. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Mimi najua," alisema, hakuinua kichwa. "Tangu ile siku Barnabas nasema matawi. Mimi nakuona unakata."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Mzee? Wewe iko mtu mkubwa. Nangoja. Kila asubuhi naweka chai, nasema, leo atasema. Leo atasema." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Ungeondoka na lori bila kusema, mimi ningetangulia huko Barnabas kabla hujafika Nesitu."

Kwa wiki tatu nilidhani amenichoka. Kumbe alikuwa akinisubiri.

3 Septemba

Kadar ameingia kutoka Mombasa. Nilimwonyesha ukurasa. Aliusoma mara mbili, akausukuma mbali kama sahani ya chakula kilichochacha.

"Abti, hii chana."

"Siwezi."

"Mama amepaka chokaa! Amenunua kitanda! Unajua anawaambia majirani nini?" Alisimama, akaketi tena. "Edrine tutamtafutia wakili. Tutachanga, madereva wote. Wewe nenda. Ukifika, andika barua, tuma."

"Barua ya mtu aliyekwisha kuvuka mpaka?"

Baadaye, kwa sauti ya chini, alisema: "Niliwahi kukuambia, abti. Tawi nani analikumbuka." Hakusema kwa kunisimanga. Alisema kama mtu aliyetamani asingekuwa sahihi.

4 Septemba

Nilikwenda kwa miguu, nimevaa kanzu safi, daftari kwapani. Barnabas alikuwa peke yake ofisini na feni iliyokwama.

Nilimsomea tarehe saba Agosti, yote, hata wimbo. Alisikiliza kalamu ikiwa mdomoni.

"Rudia hapo kwa mafungu."

Nikarudia.

"Mzee, hii ungechana tu. Mafi zol bi-arif." Maana yake, hakuna mtu angejua.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa na pembetatu?"

"Nyuma ya kiti. Kwenye plastiki."

Alifumba macho. Nadhani alitaka kucheka, na nadhani pia alitaka kulia, naye hana hata miaka thelathini. Aliniuliza kwa nini sikulikumbuka lile fungu, nikamjibu kwamba nilihesabu kama wanavyohesabu watu wengine. Kisha akaniomba nisome namba ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya uwanja. Nilisoma. Akatoka nje, akaitazama kwa karibu, akarudi.

"Umesoma tatu. Ni nane."

Mezani niliweka leseni na kibali chenye muhuri wa zambarau. Aliandika maelezo yangu kwa Kiingereza, nami nikamsahihisha mahali pawili. Nikatia saini.

"Watakuita kortini. Lakini pengine itakuwa faini, na mambo ya Ayom na jamaa zake," alisema. Alikiweka kibali ndani ya droo taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Ya haj. Pole."

Nilirudi kwa miguu. Hakukuwa na mvua.

9 Septemba

Edrine ameachiliwa.

10 Septemba

Nilimwendea Ayom wodini. Ni kijana mrefu, miguu inazidi kitanda. Nilimweleza. Akaniuliza ni gari gani. Nikamwambia Fiat, la 1978. "Hilo linalia kama ngamia?" Alikuwa amelisikia mchana ule likienda. Alisema ni sauti nzuri. Baada ya hapo akageukia ukutani, nami nikaondoka.

13 Septemba

Injini ya Jajja imeuzwa kwa mafundi wa Gudele, pamoja na gia. Imelipia chuma cha mfupa wa Ayom. Limebaki bodi na kibanda, na ile mipira ya breki, ambayo sikuiuza.

16 Septemba

Edrine alikuja leo kuchukua vitu vyake. Tajiri wake amempa lori jingine, la zamani zaidi. Niliinuka kumsalimu. Alinipita. Sikumlaumu.

Alikwenda kwenye mwarobaini, akavunja matawi, akayakunja yawe fungu, akalifunga kwa gome. Madereva waliacha kutafuna. Alitembea nyuma ya Jajja hatua ishirini, akihesabu kwa sauti kama nilivyomfundisha, akaliweka chini. Kisha akarudi, akasimama mbele yangu.

"Gari ikikwama, inawekewa," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nimekasirika, Mzee. Nitakasirika muda."

"Kasirika."

Alinipa mkono, mmoja tu, haraka, na akaenda kuwasha lori. Mpaka sasa sijui kama fungu lile ni tusi au ni heshima. Nimelitazama asubuhi na jioni, na naona linaweza kuwa vyote viwili bila kuhangaika.

21 Septemba

Mvua zinapungua. Vumbi limerudi ukingoni mwa barabara.

28 Septemba

Kadar ameondoka leo asubuhi. Alifungua mlango wa kushoto wa trela na kuniwekea mto kitini. "Panda tu, abti. Siku tano. Mama hahitaji dereva, anahitaji kaka."

Nilipanda. Nilikaa. Kiti ni kirefu, kizuri, kioo ni kikubwa kama dirisha. Nilitazama mbele na barabara ikawa yote iko pale, Nimule, Gulu, Karuma, ninaijua kama mistari ya kiganja, na mikono yangu ilikuwa mapajani bila kazi. Nilijaribu kuiona Tana. Niliona ukuta mweupe na kitanda kipya, na mzee wa watu amelala akisikiliza maji yasiyosikika. Kesi yangu ni tarehe sita Oktoba. Ayom anaanza kujifunza kusimama wiki ijayo, na amesema nije, nilete gazeti. Lakini hata kama kusingekuwa na kesi wala Ayom, nilijua pale kitini, kwa utulivu ulionishangaza, kwamba mahali nilipokuwa nikienda miaka yote hii palikuwa mbele ya kioo cha Jajja, na nilishafika. Ilikuwa Alhamisi, kabla ya mvua, kwenye kile kilima.

Nilishuka. Kadar alishikilia mlango muda mrefu.

"Nimwambie nini mama?"

"Mwambie kitanda kile alalie yeye. Na mwambie alikuwa sahihi kuhusu pampu."

Trela ilitoka langoni saa moja na dakika kumi. Nimeiandika kwenye kitabu cha yadi: imetoka, tupu.

Fungu la Edrine limekauka nyuma ya Jajja, majani yamekuwa ya kahawia na yanatoa ile harufu chungu. Sijaliokota, maana gari lingali limekwama.

Nimempigia Ruun mwenyewe mchana huu, asiyasikie kwa mtu mwingine. Nimemwambia hivi: sitarudi.